Uzi: Majenerali wastaafu wanaowapigia debe wagombea urais Marekani, na nani aliwajibika kwa Nairobi, Dar na Benghazi?

MtafitiHuru (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia zinatoka orodha ndefu za majenerali na maadmirali wanaomuunga mkono huyu au yule. Watu wanazisoma kana kwamba jeshi lenyewe limesema. Nataka tulichimbe jambo hili kupitia mtu mmoja anayetuhusu sisi wa Nairobi na Dar kuliko tunavyokumbuka: Admirali William Crowe.

Crowe alikuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani kuanzia 1985 hadi 1989, chini ya Reagan na kisha Bush baba. Mwaka 1992 alisimama hadharani upande wa Bill Clinton, pamoja na maafisa wastaafu wapatao ishirini. Wakati huo Clinton alikuwa anaandamwa kwa kukwepa kuandikishwa vita vya Vietnam. Mtu aliyekuwa juu kabisa jeshini kusema "huyu anafaa" kulimkinga dhidi ya shambulio hilo. Clinton alishinda, na 1994 Crowe akapelekwa London kuwa balozi, akakaa mpaka 1997.

Agosti 7, 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar zikalipuliwa na al-Qaeda. Sheria yao ya wakati huo ilidai iundwe bodi ya kupitia uwajibikaji. Ziliundwa mbili, moja kwa kila mji, na mwenyekiti wa zote mbili alikuwa Crowe. Aliyempigia debe rais ndiye aliyepewa kazi ya kusema kama serikali ya rais huyo ilizembea.

Ripoti ilitoka Januari 1999. Haikumkuta mtu hata mmoja na hatia ya kuvunja wajibu wake.

Hoja yangu ni kwamba haya mambo mawili ni jambo moja. Jina la mwanajeshi mstaafu linaheshimiwa kwa sababu linadhaniwa halina chama. Heshima hiyo hiyo inatumika kumnadi mgombea, na baadaye inatumika kuipa bodi ya uchunguzi uzito. Mnaolijua eneo hili, karibuni.

Kanuni_1344

Tuanze na anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa, maana hapo ndipo watu wengi hukosea.

Walio kazini wanabanwa na agizo la Wizara ya Ulinzi namba 1344.10, toleo la Februari 2008. Askari wa Marekani aliye kazini anaweza kupiga kura, kuchangia fedha kwa mgombea ndani ya kiwango cha sheria, kubandika stika kwenye gari lake binafsi, na kuhudhuria mkutano wa kampeni kama mtazamaji tu, bila sare. Hawezi kupanda jukwaani kuhutubia, kukusanya michango, kuandamana kwenye msafara wa chama, wala kuweka bango kubwa garini au kwenye nyumba aliyopewa kambini. Zaidi ya hapo, kifungu cha 88 cha sheria ya kijeshi kinamfanya ofisa mwenye kamisheni kuwa mkosaji akimtolea rais maneno ya dharau.

Mstaafu ni kitu kingine. Agizo hilo linahusu walio kazini. Mstaafu anaweza kuhutubia, kusaini barua, kutajwa kwenye tangazo, kutumia hata cheo chake mradi neno "mstaafu" lionekane. Sare ndiyo haiendi kwenye siasa. Lakini kuna jambo la ajabu kidogo: mstaafu wa jeshi la kudumu anayepokea malipo ya uzeeni bado yuko chini ya sheria ya kijeshi. Kwenye karatasi anaweza kurudishwa ashtakiwe. Kwa kauli za kampeni, mlango huo haufunguliwi.

Kwa hiyo, mkuu, Crowe hakuvunja kanuni yoyote 1992. Alichovunja ni desturi, na baada yake ikawa kawaida. Mwaka 2012 mgombea wa Republicans, Romney, alitoa tangazo la gazeti lenye majina takriban 500 ya maadmirali na majenerali wastaafu. Septemba 2016 Trump alikuja na 88. Mwaka huo huo John Allen alihutubia mkutano mkuu wa Democrats na Michael Flynn akahutubia wa Republicans, wote majenerali wastaafu. Martin Dempsey, aliyekuwa amestaafu kutoka kiti kile kile cha Crowe, aliandika gazetini kuwakemea wote wawili bila kujali upande.

Mjumbe_Haile_Selassie

Nirudishe watu Nairobi kwanza, maana tunasema "uzembe" bila kusema ulikuwa wapi.

Ubalozi ulikuwa pembeni kabisa mwa makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katikati ya mji, barabara mbili zikiupitia kando. Tayari 1985 tume ya Admirali Inman, iliyochunguza usalama wa balozi za Marekani, ilikuwa imesema ubalozi ukae angalau futi 100, yaani mita 30, kutoka mahali gari linapoweza kufika. Jengo la Nairobi lilijengwa kabla ya kiwango hicho na halikuwa na nafasi hiyo upande wowote.

Lori la bomu lilikwenda nyuma, kwenye maegesho yanayopakana na jengo la Co-operative Bank. Mlinzi Mkenya alikataa kunyanyua kizuizi. Tunapaswa kulisema hili kwa sauti: asingekataa, lori lingeingia chini ya jengo. Washambuliaji wakarusha guruneti la kushtua na kufyatua risasi. Mlinzi mmoja akajaribu kumfikia askari wa Marine wa zamu kwa redio ya mkononi. Ubalozi wote ulikuwa na masafa ya redio moja tu, na yalikuwa yanatumika. Akajaribu simu, ikawa inaongea.

Halafu ndiyo sehemu inayouma zaidi. Watu ndani waliposikia mshindo wa guruneti walikimbilia madirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka, na vioo ndivyo vilivyoua na kupofusha wengi. Ufundi House, jengo la jirani, liliporomoka lote. Waliokufa Nairobi ni 213. Ndani ya ubalozi walikuwa Wamarekani 12 na wafanyakazi wenyeji 32. Waliobaki ni watu wa mjini: makarani, wanafunzi, abiria, wapita njia. Majeruhi walizidi 4,000.

FundiZege

Naongezea kuhusu umbali, kwa sababu "mita 30" inasikika kama namba ya urasimu.

Nguvu ya mlipuko hushuka haraka sana kadiri unavyojitenga nao. Kanuni ya wahandisi ni kwamba ukizidisha umbali mara mbili, adui atahitaji baruti mara nane ili akupe shinikizo lile lile. Gari lina kikomo cha uzito. Ndiyo maana mita za ardhi ni kinga ya bei nafuu kuliko unene wowote wa ukuta, na ndiyo maana jengo la katikati ya mji haliokoki kwa marekebisho madogo madogo.

Linganisha na Dar. Ubalozi wa Barabara ya Laibon, Oysterbay, ulikuwa na ukuta na kiwanja. Lori halikupita getini kwa sababu boza la maji la ubalozi lilikuwa limeziba njia. Lililipuka saa 4:39 asubuhi, yapata futi 35 kutoka ukuta wa jengo, na boza lilinyonya sehemu ya nguvu. Walikufa watu 11, walinzi wenyeji wakiwamo, na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Hakufa Mmarekani hata mmoja. Futi 35 ni theluthi tu ya kiwango, na bado zilileta tofauti kubwa.

Kuhusu vioo: dawa zake ni tatu na zote zilijulikana kabla ya 1998. Utando mzito wa plastiki unaogandishwa kwenye kioo na kushikwa kwenye fremu, maana ukigandishwa kioo tu bila fremu, dirisha zima huruka kama sinia. King'ora maalumu cha bomu, tofauti na cha moto, kwa sababu cha moto kinawatoa watu nje na cha bomu kinatakiwa kuwalaza chini mbali na dirisha. Na mazoezi ya mara kwa mara, ili mwili ulale kabla kichwa hakijauliza. Nairobi, maandalizi ya dharura hayakuwa yamewafundisha watu la kufanya gari la bomu likifika.

Wakili_wa_Pwani

Sasa kwa nini hakuna aliyeadhibiwa. Jibu liko kwenye sheria yenyewe zaidi ya kuwa kwenye tabia ya Crowe.

Bodi hizi zilitokana na sheria ya 1986 ya usalama wa kidiplomasia. Tukio kubwa likitokea, Waziri wa Mambo ya Nje alitakiwa kuunda bodi ndani ya siku 60, na aliweza kuongeza nyingine 60. Wajumbe walikuwa watano: wanne aliwateua Waziri, mmoja aliteuliwa na mkuu wa ujasusi. Maswali yake yalikuwa kama tukio lilihusu usalama, kama mifumo ilitosha na ilitekelezwa, taarifa za kijasusi zilikuwaje, na mwisho kama kuna mtu aliyevunja wajibu wake.

Neno "kuvunja wajibu" ndilo lililokuwa kizingiti. Ilikuwa lazima umkute mtu mmoja, jukumu lake mahususi, na namna alivyoliacha. Balozi Prudence Bushnell aliandika telegramu akieleza jengo lake lilivyo hatarini, kisha akamwandikia Waziri Albright moja kwa moja mwaka ule ule wa 1998. Jenerali Anthony Zinni, aliyeongoza kamandi iliyohusika na Kenya, alijitolea kutuma timu ikague jengo. Wizara ikakataa. Wizara ilijibu telegramu kwa lugha ya bajeti na orodha ya vipaumbele. Kwenye mfumo wake wa viwango, Nairobi ilikuwa hatari ya kati kwa ugaidi na Dar ilikuwa hatari ndogo, na fedha zilifuata viwango hivyo. Kila ofisa alikuwa na karatasi inayoonyesha kwamba alifuata utaratibu. Utaratibu ndio uliokuwa mbovu.

Kwa hiyo bodi ikaandika kwamba kosa ni la pamoja, la serikali kadhaa na mabunge kadhaa ya muongo mzima, yaliyokataa kutoa fedha. Kosa la wote, kwa sheria ile, halina mwenyewe.

Mpinzani_Mwema

Ndugu mleta uzi, hapa napingana na wewe kwa heshima. Unaashiria kwamba Crowe aliilinda serikali aliyoipigia debe. Lakini ukiisoma ripoti ni kali. Ilidai dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa miaka kumi, fedha ambazo White House haikutaka kuzisikia. Ilisema Waziri mwenyewe abebe jukumu la usalama kwa mkono wake, asiliachie wasaidizi. Kama alitaka kumfichia mtu, alichagua njia mbaya. Na matokeo yalionekana: sheria ya 1999 ikaifanya futi 100 kuwa lazima kwa balozi mpya, isipokuwa Waziri atoe ruhusa maalumu, na ofisi zote za Marekani mjini zikae ndani ya uzio mmoja. Ndiyo maana Nairobi wakahamia Gigiri na Dar wakahamia Msasani, wote 2003.

MtafitiHuru (mleta uzi)

Mkuu, ukali wa ripoti naukubali, na sikusema alificha. Nasema hivi: alipewa kazi ambayo hata angeifanya kwa uaminifu wote, sisi wa nje hatuna njia ya kuupima uaminifu huo. Mtu aliyekwisha kuchagua upande hadharani anapoandika "hakuna aliyevunja wajibu", familia ya aliyekufa Ufundi House inalazimika kumwamini tu. Mwamuzi aliyevaa jezi ya timu moja msimu uliopita anaweza kuchezesha vizuri kabisa. Lakini anayepanga ratiba alikuwa na waamuzi wengine.

Mpinzani_Mwema

Hapo nakuelewa. Nakubali kwenye uteuzi, sikubali kwenye yaliyomo.

Simba_wa_Barqa

Benghazi inaonyesha kwamba somo la zege lilieleweka na la watu halikueleweka.

Septemba 11, 2012 kituo cha Marekani Benghazi, Libya, kilivamiwa. Walikufa Balozi Chris Stevens, Sean Smith, Tyrone Woods na Glen Doherty. Kituo kilikuwa nyumba za kupanga, za muda, ambazo hazikuwa ubalozi wala ubalozi mdogo kwa maana ya kisheria. Hilo ndilo tundu lenyewe: viwango vya 1999 vimeandikwa kwa majengo rasmi. Ukikiita kituo "cha muda" na ukaongeza muda kidogo kidogo, hakuna anayelazimika kuomba ruhusa ya kutokutimiza kiwango, kwa hiyo hakuna saini ya mtu mahali popote.

Usiku ule walikuwapo maafisa usalama watano tu, wawili kati yao wakiwa wamekuja na balozi kutoka mji mkuu, Tripoli. Walinzi wa getini hawakuwa na silaha. Wenye silaha walikuwa wanamgambo wenyeji, ambao hawakuweza kutegemewa. Timu ya wanajeshi 16 iliyokuwa ikisaidia Tripoli ilikuwa imeondolewa Agosti. Stevens na Smith hawakuuawa kwa risasi. Washambuliaji walimwaga dizeli na kuwasha, na moshi ukajaa kwenye chumba cha kujihifadhi ambacho mlango wake ulikuwa imara. Hapakuwa na barakoa za moshi. Woods na Doherty waliuawa kwa makombora baadaye, kwenye jengo la pili la Marekani mjini humo.

Na bodi? Mwenyekiti Balozi Thomas Pickering, makamu wake Admirali Mike Mullen, naye Mwenyekiti mstaafu wa Wakuu wa Majeshi. Ripoti ya Desemba 2012 ilitaja udhaifu wa uongozi wa juu katika idara mbili za wizara, ikatoa mapendekezo 29, na ikasema, tena, hakuna aliyevunja wajibu. Maafisa wanne waliwekwa pembeni kwa malipo. Agosti 2013 Waziri Kerry akawarudisha kazini kwenye nafasi nyingine. Mullen mwenyewe alieleza bungeni kwamba bodi ikiwa bado inafanya kazi alimpigia simu mkuu wa ofisi ya Waziri kumtahadharisha kuwa ofisa mmoja asingekuwa shahidi mzuri mbele ya kamati. Mtu wa kujitegemea hapaswi kupiga simu ya namna hiyo.

Wakili_wa_Pwani

Nakazia kwa Simba. Bodi ya Benghazi ililalamikia kizingiti hicho yenyewe: ikasema uongozi mbovu unapaswa kuwa sababu ya kuchukuliwa hatua hata kama haufiki kwenye kuvunja wajibu. Bunge lilikubali na likabadilisha sheria mwishoni mwa 2016. Yaani miaka 18 baada ya Nairobi.

Dada_Takwimu

Nataka kusema jinsi ya kuisoma orodha ya majenerali, maana itakuja nyingine.

Kwanza tazama kama kuna aliye kazini. Hatakuwapo, na kama yupo ni kosa kubwa. Pili, tafuta mwaka wa kustaafu. Wengi waliacha kazi miaka ishirini au thelathini iliyopita na hawajawahi kufanya kazi na mgombea wala chini ya sera zinazobishaniwa. Tatu, hesabu nyota za cheo. Wastaafu wenye nyota wako maelfu, kwa hiyo kupata majina mia kadhaa ya nyota moja na mbili si kazi ngumu kwa kampeni yenye fedha. Mwenye nyota nne aliyekaa mezani na rais ni ushahidi wa aina nyingine. Nne, uliza anachokijua: admirali wa manowari hana ujuzi wa pekee kuhusu nani alikataa ombi la walinzi Tripoli. Tano, fuatilia baada ya uchaguzi nani amepewa nini. Crowe alipewa London. Flynn alipewa ushauri wa usalama wa taifa, akadumu siku 24.

Kuhusu Benghazi hasa, angalia kama saini inadai kitu kinachotekelezeka. Wengi walioitumia Benghazi kwenye kampeni za 2012 na 2016 walidai kichwa cha mtu. Wachache sana walidai king'ora, masafa ya pili ya redio, au sheria ya nyumba za kupanga. Kamati maalumu ya Bunge ilikaa miaka miwili, ikamhoji Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati wa shambulio, kwa saa 11 siku moja ya Oktoba 2015, na sehemu kubwa ya saa hizo ilihusu barua pepe.

Mwanafunzi_Ilala

Wakuu, kwetu ikoje? Mwanajeshi anaweza kusema anamuunga mkono nani?

Kanuni_1344

Tanzania, ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Kenya, ibara ya 239 ya Katiba ya 2010 inavikataza vyombo vya usalama wa taifa kufanya kazi kwa upendeleo au kuendeleza maslahi ya chama. Kote kuwili kinachobanwa ni aliye kazini, kama Marekani. Mstaafu yuko huru.

Mjumbe_Haile_Selassie

Kabla uzi haujaenda mbali, waathirika. Uwajibikaji wa bodi ulihusu watumishi wa serikali ya Marekani tu. Mwenye duka wa Ufundi House hakuwa na nafasi kwenye mchakato ule, zaidi ya kuwa hesabu. Njia iliyobaki ilikuwa mahakama za Marekani dhidi ya Sudan kwa kuwapa al-Qaeda makao. Mei 2020 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Opati dhidi ya Sudan, iliruhusu fidia ya adhabu, na mwaka ule Sudan ikakubali kutoa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Fedha zile zilikwenda kwa Wamarekani, na kwa wafanyakazi na wakandarasi wa balozi pamoja na familia zao. Mkenya aliyekuwa anapita Haile Selassie Avenue kwenda kupanda basi hakuwamo.

Mpinzani_Mwema

Swali kwa Wakili: bodi za aina ya Crowe bado zipo?

Wakili_wa_Pwani

Hapana, ndugu. Sheria iliyosainiwa Desemba 2022 iliziondoa na kuweka kamati ya mapitio ya usalama, ambayo wajumbe wake hutoka ndani ya serikali yenyewe. Sheria hiyo hiyo ililegeza ile futi 100, ili wanadiplomasia waweze kurudi karibu na katikati ya miji.